Kikombe cha Wageni

Katika ofisi ile, mtu wa kwanza kujua nani ataajiriwa hakuwa Meneja wala Afisa Utumishi. Alikuwa Mama Birika, mpika chai, ambaye hakuweza kusoma hata kibao cha mlango aliokuwa akiupangusa kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

Alijua kwa vikombe. Jikoni kwake kulikuwa na vikombe vya aina mbili. Vya wafanyakazi vilikuwa vya plastiki, rangi ya kijani iliyochoka, vimejaa mikwaruzo ya vijiko. Vya wageni vilikuwa sita, vyeupe, vyembamba, vyenye mstari wa dhahabu mdomoni, na vilikaa ndani ya kabati la kufuli ambalo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Mama Birika kama mkufu. Siku ya usaili, waombaji wa kazi walikaa kwenye benchi la koridoni, wamevaa makoti ya kuazima, bahasha mapajani, koo zimewakauka, kwa sababu maji ya kuwapa hayakuwamo kwenye bajeti. Ndipo kengele ya Meneja ililia jikoni.

"Mama Birika, vikombe viwili."

Kimoja cha Meneja. Cha pili cha kijana aliyepitishwa mlango wa nyuma, akakalishwa kwenye kochi, akaulizwa baba hajambo. Basi, kazi ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. Wale wa kwenye benchi waliitwa mmoja mmoja wakaulizwa maswali, ili saa ziende na fomu zijae.

Kwa miaka kumi na tisa vikombe havikumdanganya hata siku moja. Mara moja tu alidhani amekosea, maana kijana aliyekaa kwenye kochi alikataa chai akaomba maji ya moto matupu. Akaajiriwa vilevile. Leo ni mkuu wa idara, na bado anakunywa maji ya moto.

Kujua kwake huko hakukumfaa kitu, mpaka mwaka ule mtoto wake mwenyewe alipokwenda kukaa kwenye benchi.

Mama Birika hakusoma kwa sababu kwao kulikuwa na jozi moja ya viatu vya shule, na baba yao, mtu wa haki sana, aliita watoto wawili akapima miguu. Viatu vilimwenea mdogo wake. Miguu ya dada ilionekana ni miguu ya jikoni. Mdogo mtu alisoma mpaka shule zikamwishia, na dada ndiye aliyemfulia sare. Nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa mkubwa kwelikweli. Ofisi yake ndiyo iliyopitisha bajeti za ofisi kama ile ya Mama Birika, na mameneja wote walilijua jina la ukoo wao kama wanavyoijua tarehe ya mshahara. Kwamba jina hilohilo lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho cha mpika chai, hakuna aliyewahi kulisoma. Nani husoma kitambulisho cha mpika chai?

Mume wake alitoka asubuhi moja kwenda kununua betri za redio. Redio ingali inamsubiri. Mtoto wa kike aliyebaki akaandikishwa kwa jina la ukoo wa mama, akasomeshwa kwa birika na ufagio, akamaliza chuo. Alisomea utunzaji wa kumbukumbu: mafaili, nyaraka, masjala. Akaletwa na barua ya chuo katika ofisi ileile kwa mafunzo ya miezi mitatu.

Miezi mitatu ilipokwisha, Afisa Utumishi alimwita akamwambia amempatia fursa. Fursa yenyewe ilikuwa kuendelea na kazi ileile bila mshahara. Kwa lugha ya ofisi huko kunaitwa kujitolea. Basi akajitolea, miaka mitatu. Aliikuta masjala ikiwa chumba cha panya, mafaili yamelala sakafuni kama majeruhi. Akayanyanyua, akayapa namba, akayapanga. Ikafika mahali Meneja akitaka barua ya miaka kumi iliyopita, anaipata kabla hajamaliza kukohoa.

"Mwiteni Kujitolea," alikuwa akisema. Hilo ndilo lilikuwa jina lake mle ndani. Walioajiriwa kwa vikombe viwili walikuja mlangoni kwake mmoja mmoja, wamebana sauti, kumuuliza barua ya kujibu makao makuu inaanzaje.

Hakuna aliyejua kwamba Kujitolea ni mtoto wa Mama Birika. Mama ndiye aliyetaka iwe hivyo.

"Wakijua wewe ni wa jikoni, watakutuma vikombe," alimwambia siku ya kwanza. "Nisalimie kama wanavyonisalimia wao. Tena kwa haraka."

Asubuhi walitoka nyumbani pamoja, wakaachana kwenye kibanda cha fundi simu. Mtoto akaingilia lango la mbele, mama akazungukia mlango wa jikoni. Mlinzi wa lango alijua. Lakini nani aliwahi kumuuliza mlinzi jambo?

Nafasi ikatangazwa. Msaidizi wa Kumbukumbu, mtu mmoja. Tangazo lenyewe alilipiga chapa Kujitolea kwa mikono yake, akaja nalo nyumbani jioni, uso umemkunjuka.

"Mama, wametaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Ni mimi huyo!"

"Nani alikupa uandike?"

"Afisa Utumishi."

"Na wakati anakupa, alikutazama?"

"Alikuwa anaongea na simu."

"Haya," mama akasema, na akaendelea kuchambua mchele kwa bidii ambayo mchele ule haukuistahili.

Mtihani wa maandishi ukafanywa. Majibu yakafungwa kwenye bahasha kubwa, ikazungushwa uzi mwekundu, ikapigwa fundo. Siku ya nne Mama Birika alipopeleka chai, bahasha ilikuwa juu ya kabati la Meneja, na fundo ni lile lile. Siku ya nane aliipangusa vumbi. Siku ya tisa majina sita ya waliofaulu yakabandikwa ukutani. Mama Birika akaingia kuchukua birika tupu, akainua macho juu ya kabati. Uzi ulikuwa haujaguswa. Vumbi ndilo lililosahihisha.

Jina la kwanza lilikuwa la mpwa wa Meneja, kijana aliyeanza kusomea ufugaji wa kuku akaacha kabla hajafika kwenye mayai. Matano mengine yalikuwa ya kumsindikiza. Jina la Kujitolea lilikuwamo, kwa vile ombi lake lilikuwa juu ya rundo.

"Nimefaulu, mama!" mtoto alisema usiku ule wakila.

Mama hakumwambia habari za uzi. Alimwongezea mboga.

Jumapili alivaa kanga yake isiyo na doa akaenda kwa Profesa. Alifunguliwa geti baada ya kuulizwa na mtumishi yeye ni nani, ana miadi, na je, anauza kitu? Mdogo wake alikuwa barazani, anasoma gazeti, miguu juu ya kigoda.

"Dada! Karibu, karibu. Mbona hukupiga simu?"

"Ningepiga ungepokea?"

"Kazi nyingi, dada. Unanijua."

"Nakujua. Nina neno moja, mdogo wangu. Mtoto yuko kwenye usaili pale ofisini. Mwambie Meneja afungue majibu ya mtihani ayasome. Sisemi ampe kazi. Ayasome tu."

Profesa akalikunja gazeti polepole, kama mtu anayefunga kitabu cha sala.

"Dada, hapo umenigusa pabaya. Mimi upendeleo siuwezi. Nchi inaharibiwa na watu wa vimemo. Kama mtoto ana sifa, sifa zake zitasema."

"Na mwanao wa benki? Aliingiaje?"

"Yule aliingia kwa sifa zake."

"Sifa zipi? Matokeo yake yalikuwa hayajatoka."

"Alionekana ana upeo."

"Nani alimwona?"

"Rafiki yangu," akajibu Profesa, bila kutikisika hata kope. "Dada, vijana wajifunze kupambana. Sisi tulipambana."

"Sisi nani?"

Profesa akamwita mtumishi alete soda. Soda ilikuja, Mama Birika akainywa yote mpaka chini, maana hakuja bure, kisha akaaga.

Siku ya usaili ilikuwa Jumatano. Saa mbili na nusu benchi lilikuwa limejaa: vijana watano, na wa tano kutoka mlangoni alikuwa binti yake, viatu vilevile vyeusi alivyovitia rangi ya kiwi mpaka nyufa zikajaa. Saa tatu kasorobo kengele ikalia.

"Mama Birika, vikombe viwili."

Akavipeleka. Mpwa alikuwa kwenye kochi, mguu mmoja juu ya mwingine. Alizitazama biskuti, akauliza kama hamna za aina nyingine.

Mama Birika akarudi jikoni. Kabati lilikuwa wazi. Vikombe vinne vya mstari wa dhahabu vilikuwa vimekaa, vinamtazama. Alivitazama naye. Miaka kumi na tisa hakuwahi kukitoa kikombe cha wageni bila kengele. Halafu akachukua kimoja, akakisuuza kwa maji ya moto, akakiweka kwenye sahani yake, biskuti mbili pembeni, kitambaa cheupe chini, na akatoka koridoni na trei mbele, kwa mwendo uleule anaompelekea Meneja.

Akainama mbele ya mtoto wake.

"Chai yako, binti."

"Mama," mtoto akanong'ona, "mimi sijaagiza chai."

"Kunywa."

"Watu wananitazama."

"Ndiyo kazi yake. Kunywa polepole. Usipulize, wenye chai yao hawapulizi."

Kijana wa pembeni, mwenye tai iliyomkaba, akakohoa. "Samahani, mama. Na sisi?"

Mama Birika akamtazama. Midomo ya kijana ilikuwa imepauka kwa kiu. Huyu naye ana mama mahali fulani, alifikiri, naye amempigia pasi shati hilo. Lakini alikuwa amezaa mmoja, na hakuwa na moyo wa kutosha benchi zima.

"Wewe umeagiziwa na nani, mwanangu?"

"Sijaagiziwa na mtu."

"Basi vumilia."

Wakati huohuo Afisa Utumishi akatokea upande wa chooni, anajifuta mikono. Macho yake yakaangukia kikombe. Akasimama. Akatembea hatua mbili, akarudi moja, kisha akamvuta Mama Birika pembeni.

"Nani amempa yule kikombe kile?"

"Nimempa mimi, bwana."

"Najua ni wewe. Nauliza ni agizo la nani?"

Mama Birika akainamisha macho sakafuni, kama mtu aliyekatazwa kusema.

"Bwana, mimi ni mtu wa jikoni. Usiniingize kwenye mambo ya wakubwa."

Hakusema uongo. Kwa kweli hakusema kitu. Lakini Afisa Utumishi alikuwa na elimu ya kutosha kujaza pengo mwenyewe. Akaingia chumba cha usaili mbiombio, akaitafuta orodha, kidole kikashuka mpaka jina la Kujitolea, kikaganda.

Ndani walikuwa watatu: Meneja, Afisa Utumishi, na mama mmoja mnene wa makao makuu, aliyetumwa kuhakikisha haki inatendeka na ambaye tangu afike alikuwa ameuliza mara mbili watamaliza saa ngapi. Mama Birika aliingia na jagi la maji. Mwenye jagi la maji hana masikio. Walizungumza mbele yake kama mbele ya jagi lenyewe.

"Bwana Meneja," Afisa alinong'ona, "hili jina la ukoo, hulioni? Si la Mkubwa wa bajeti hili?"

"Wenye jina hilo wako wengi."

"Wanaokunywa kwenye vikombe vya wageni hawako wengi. Yuko benchi pale, ana chai."

Meneja akamtazama mama wa makao makuu kwa pembe ya jicho, akaamini ndiye aliyeagiza. Mama wa makao makuu akamtazama Meneja, akaamini ndiye. Kila mmoja akatabasamu kidogo, kama mwenye siri. Hakuna aliyeuliza. Katika ofisi ile, kuuliza ni kukiri kwamba hukuambiwa, na mtu asiyeambiwa mambo ni mtu anayekaribia kuhamishwa.

Mpwa aliitwa kwanza, akaulizwa masjala ni nini, akajibu kwamba inategemea. Wakamshukuru. Waliofuata wakaja wakapita. Kujitolea alipoingia, Meneja alinyanyuka nusu kwenye kiti, jambo ambalo Mama Birika hakuwahi kuliona likitendwa kwa mtu asiye na gari.

"Karibu, karibu sana. Keti. Chai ilikuwa nzuri?"

"Nzuri, bwana. Asante."

"Hili jina lako... wewe na Mkubwa ni ukoo mmoja?"

Binti akababaika. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya mafaili.

"Ukoo ni mmoja, bwana. Lakini yeye hahusiki kabisa na ombi langu. Nisingependa atajwe. Nimeomba kwa kazi niliyoifanya hapa miaka mitatu."

Alisema kweli tupu, neno kwa neno, na kweli yenyewe ndiyo iliyowamaliza. Mama wa makao makuu akashika kifua.

"Umesikia? Hataki atajwe!"

"Miaka mitatu bila mshahara," Meneja akasema, sauti imemlainika. "Baba yake amemleta kimyakimya ajifunze kuanzia chini. Na tazameni viatu hivyo. Mtoto wa mtu kama yule, na viatu kama hivyo! Hayo ndiyo malezi."

Viatu hivyohivyo, mwezi uliopita tu, Meneja ndiye aliyesema visionekane kwenye mkutano wa makao makuu, na Kujitolea akaachwa nyuma kulinda mafaili.

"Mimi si..." binti alianza.

"Hapana, hapana, tumekuelewa," Afisa Utumishi akamkatiza. "Swali moja tu. Utapenda kuanza lini?"

Adhuhuri, Mama Birika akiwa anakusanya vyombo, Meneja alipiga simu mbele yake.

"Shikamoo, Mkubwa. Samahani kwa usumbufu. Nilitaka tu kukuarifu, binti yetu tumemwona. Ndiyo, huyu wa masjala. Hongera kwa malezi, Mkubwa. Ametuliza moyo."

Upande wa pili kukawa kimya kirefu. Kisha kikasikika kicheko, kicheko cha Profesa, ambacho dada yake angekitambua hata ndani ya pipa. Meneja naye akacheka. Wakacheka pamoja kwa muda. Wakazungumza na habari ya bajeti.

Jioni simu ya Mama Birika ikalia. Kwa miaka miwili haikuwahi kulia kutoka namba ile.

"Dada, lile jambo nimelishughulikia."

"Umelishughulikia?"

"Nimezungumza na Meneja leo hii. Usinishukuru, sisi ni ndugu. Ila mwambie mtoto atie bidii, sipendi kuaibishwa."

"Na ulimwambia Meneja huyo ni mtoto wa nani?"

"Hayo si mambo ya simu, dada," akasema Profesa, na simu ikakatika.

Barua ya ajira ikatoka Ijumaa, imesainiwa sehemu tatu. Jumatatu Kujitolea alipewa fomu ya taarifa binafsi, akaja nayo jikoni kwa mara ya kwanza mchana kweupe, akafunga mlango.

"Mama, wanataka jina la mama na kazi yake."

"Andika marehemu."

"Mama, unapika chai mbele yangu."

"Basi andika mkulima. Wote huandika mkulima, hakuna anayekwenda kuangalia shamba."

"Miaka mitatu nakusalimia kama nakudai. Nimechoka."

"Ukiandika, wataing'oa hiyo kazi mkononi mwako."

"Waing'oe kwa maandishi," mtoto akasema. Akaandika palepale, juu ya meza ya jikoni, jina kamili la mama yake, kazi mpika chai, mahali pa kazi ofisi hii. Akaipeleka fomu mwenyewe.

Haikupita saa moja kengele ikalia. Mama Birika aliingia na trei akamkuta Afisa Utumishi amesimama wima na fomu mkononi, jasho limemtoka kwenye mstari wa nywele. Meneja alimtazama Mama Birika kuanzia miguuni mpaka kichwani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza amtazame popote. Lakini mazoea ni kitu kibaya. Alipoanza kummiminia chai, wakaendelea kusema kana kwamba hayupo.

"Mfukuze."

"Kwa sababu gani, bwana? Lazima niandike sababu."

"Andika alidanganya."

"Hakudanganya. Kila alichosema ni kweli. Hata hapa kwenye fomu ni kweli."

"Basi andika kwamba sisi tulidhani..."

"Ndiyo, bwana. Tulidhani nini? Niandike tulidhani ni mtoto wa Mkubwa?"

"Sukari, bwana?" Mama Birika akauliza.

"Mbili," Meneja akasema kwa mazoea. Kisha akapiga meza. "Mtihani! Lete ule mtihani. Atakuwa amefeli. Andika alifeli."

Bahasha ikashushwa. Mkasi ukatafutwa. Uzi mwekundu, wiki mbili baada ya matokeo kubandikwa, ukakatwa. Afisa Utumishi akakaa akasahihisha, kalamu mkononi, kwa umakini wa mtu anayetafuta kosa. Mama Birika alipanga vijiko, akavipangua, akavipanga tena. Mwishowe Afisa akavua miwani.

"Tisini na nne."

"Na anayemfuata?"

"Hamsini na moja. Yule mwenye tai."

Meneja hakuuliza ya mpwa wake. Afisa, kwa heshima, hakusema. Kumpigia Mkubwa na kumwambia binti yake si binti yake nako hakukuwezekana, kwa sababu Mkubwa alikwisha pokea hongera, na bajeti ilikwisha pita. Ikabidi kazi ibaki na mwenye kuiweza. Ofisi ile haikuwahi kufika mahali pagumu namna hiyo.

Lakini Mpwa naye alikuwa hajapata pa kukaa, na mama yake alikuwa akipiga simu kwa Meneja kutwa mara tatu, kama dawa. Kikaundwa cheo: Mratibu wa Ustawi wa Wafanyakazi. Cheo kinataka fungu. Fungu likatafutwa kwenye karatasi za ofisi, likaonekana mahali pamoja tu.

Barua ilifika masjala siku ya Alhamisi, kama barua zote zinavyofika, ili ipewe namba, igongwe muhuri, nakala iwekwe kwenye faili, ndipo ipelekwe kwa mhusika. Binti aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena amekaa. Kisha akatoka akaenda jikoni, akamshika mama yake mkono, akampitisha koridoni mbele ya watu wote mpaka chumba cha masjala.

"Kaa, mama."

"Kuna nini? Nimeacha maji motoni."

"Hii barua ni yako." Akamsomea. Nafasi ya mpika chai imefutwa kuanzia mwisho wa mwezi. Italetwa mashine ya kubonyeza. Ofisi inamshukuru kwa miaka kumi na tisa.

Mama Birika alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Wameandika sababu?"

"Wameandika. Mabadiliko ya muundo."

"Muundo wa nini?"

"Hawakusema, mama."

"Ehe." Akacheka kidogo, kwa pua. "Kwako walikaa asubuhi nzima wakakosa sababu. Yangu wameipata upesi."

"Sitaigonga muhuri," binti akasema. "Nitaipeleka kwa Meneja nimtupie. Nitamwambia na mimi naondoka. Watafute mtu wa kuwaonyesha barua zao zilipo."

"Kisha?"

"Kisha nini?"

"Ukishamtupia, kisha nini? Siku ile alikosa neno la kukuandikia. Wewe unataka umpelekee neno lenyewe hadi mezani." Mama akaivuta barua, akaigeuza, hakujua juu ni wapi na chini ni wapi, akamrudishia. "Barua isiyopewa namba ni kosa la masjala. Hilo wataliandika kwa furaha, na kwa herufi kubwa. Mimi nimekwisha toka. Tukitoka wawili watakuwa wametupata kwa bei ya mmoja."

"Mama, nakufukuza kwa mkono wangu."

"Anayenifukuza amelala kwenye kochi anangoja cheo. Wewe unafanya kazi yako. Igonge."

Binti akafungua daftari la barua zinazotoka. Akaandika tarehe, akaandika namba, akaandika jina la mama yake lote kwa ukamilifu, bila kufuta mahali. Machozi yalidondoka, lakini aliyakinga kwa kiganja yasifike kwenye wino. Akachukua muhuri, akaubonyeza kwenye kidau, mkono ukamsimama hewani.

"Gonga vizuri," mama akasema, huku akinyanyuka kuwahi maji yake. "Wasije wakasema masjala imezorota."